Cheti cha Daktari Mbele ya Mwajiri: Bangi, Dawa Zinazodhibitiwa na Haki za Mfanyakazi

Hakuna daktari nchini Tanzania mwenye ruhusa ya kumwandikia mgonjwa bangi, na mfanyakazi wa mji wa Ngerengere, mkoani Morogoro, anayetaka kujua haki zake kuhusu matumizi ya bangi kama tiba anapaswa kuanzia katika ukweli huo, kwa sababu wengi waliopoteza ajira kwa jambo hili walidhani kwamba kilichohalalishwa katika nchi za mbali kilikuwa kimehalalishwa na hapa. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo ilichukua nafasi ya sheria ya 1995 na kuunda Mamlaka yenye jina hilohilo, imeuweka mmea wa bangi katika kundi moja na mirungi, koka na mpopi, yaani mimea ambayo kuilima, kuimiliki, kuisafirisha au kuiuza ni kosa la jinai. Sheria hiyo inatambua kwamba zipo dawa zinazodhibitiwa ambazo hospitali huzihitaji, yaani dawa halali zenye uwezo wa kulevya au kuzoesha mwili ambazo hutunzwa na kutolewa kwa kumbukumbu maalumu, lakini bangi haimo miongoni mwa zile anazopewa mgonjwa dirishani.

Wala ukaribu wa mashamba hausaidii kitu. Miteremko ya Milima ya Uluguru, inakoanzia mito inayomwaga maji katika bonde la Ngerengere na Ruvu, imekuwa kwa miaka mingi mahali ambapo Mamlaka na polisi hufanya operesheni za kufyeka na kuteketeza bangi, na matokeo yake ni kwamba mfanyakazi wa ukanda huu anayekutwa na msokoto mfukoni hutazamwa kwanza kama mtu aliye karibu na biashara yenyewe, hata kama anachotafuta ni usingizi tu baada ya mgongo kumuuma kutwa nzima. Utetezi wa kwamba aliitumia kama dawa ya maumivu unaweza kumfanya hakimu amwonee huruma wakati wa kupima adhabu. Haugeuzi kosa kuwa haki. Vivyo hivyo kwa anayepewa majani hayo na mganga wa jadi: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa kuwasajili waganga na dawa zao, lakini usajili wa mganga hauhalalishi mmea uliokatazwa na sheria nyingine.

Mkanganyiko huu una chimbuko linaloeleweka. Tarehe 2 Desemba 2020, Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura, 27 kwa 25 na mjumbe mmoja akijizuia, kuiondoa bangi katika Jedwali la Nne la Mkataba wa mwaka 1961, ambalo ni jedwali la vitu vinavyohesabiwa kuwa na madhara makubwa na manufaa haba ya kitabibu. Habari hizo zilienea haraka, ila sehemu iliyobaki haikuenea, nayo ni kwamba bangi iliachwa katika Jedwali la Kwanza, pamoja na mofini, na kila nchi ikabaki na mamlaka ya kuamua yake. Ujerumani ilikuwa imeruhusu madaktari kuiandika tangu 2017, na Uingereza iliwaruhusu madaktari bingwa kuanzia tarehe 1 Novemba 2018. Karibu na nyumbani, Lesotho ilitoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017, Malawi ikatunga sheria yake mwaka 2020, na Rwanda ikaidhinisha kilimo hicho kwa ajili ya kuuza nje huku matumizi ya kawaida ndani ya nchi yakibaki kosa. Habari za namna hiyo humfikia msomaji wa Morogoro zikiwa zimepunguzwa hadi maneno mawili, kwamba Afrika imeruhusu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mtanzania anayeishi Uingereza au Ujerumani na kutibiwa huko kwa dawa zitokanazo na bangi ana haki anazopewa na sheria za nchi hiyo, lakini cheti chake hakimpi kinga atakaposhuka katika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere akiwa na dawa hizo mkobani. Anayepanga kurudi likizo, au kuja kufanya kazi ya mkataba, anapaswa kuzungumza na daktari wake mapema kuhusu dawa mbadala inayokubalika Tanzania na kuvuka mpaka akiwa na hiyo tu.

Kesi ya Afrika Kusini huwasaidia wasomaji wa Tanzania ikisomwa kwa uangalifu, na huwapotosha ikisomwa haraka. Mfanyakazi wa ofisini wa kampuni ya Barloworld aliyekuwa akitumia bangi nyumbani, kwa ajili ya wasiwasi na kukosa usingizi, alifukuzwa mwaka 2020 baada ya mkojo wake kuonyesha dalili za bangi, kwa kuwa kampuni ilikuwa na kanuni isiyovumilia kiasi chochote; Mahakama ya Kazi iliukubali uamuzi wa mwajiri, lakini Mahakama ya Rufaa ya Kazi iliutengua mwezi Aprili 2024, ikaona kwamba alibaguliwa na ikaamuru alipwe fidia ya mishahara ya miezi 24. Msingi wa hukumu hiyo ulikuwa faragha, kwa kuwa tangu Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikuwa imeruhusu mtu mzima kutumia bangi faraghani. Tanzania haina msingi huo, na wakili anayemwahidi mteja wake kwamba hukumu ya Johannesburg itamrudisha kazini Morogoro anamlia fedha zake bure. Kinachoweza kuvuka mpaka ni hoja ya kisayansi iliyokuwa ndani ya kesi hiyo, kwamba kipimo cha mkojo huonyesha kilichopita mwilini na hakionyeshi kama mtu alikuwa amelewa alipokuwa akifanya kazi. Kiini cha bangi kinacholevya, tetrahidrokanabinoli, ambacho kwa kifupi huitwa THC, hujificha katika mafuta ya mwili, na mabaki yake yanaweza kuonekana katika mkojo kwa siku kadhaa, au kwa majuma kwa mtumiaji wa kila siku, muda mrefu baada ya ulevi wenyewe kuisha.

Kwa hiyo swali lenye manufaa kwa mfanyakazi wa Ngerengere linahusu dawa halali zinazoweza kumweka mahali palepale mbele ya mwajiri, yaani dawa anazoandikiwa hospitalini ambazo humsinzisha, hupunguza wepesi wa mikono yake au hujitokeza katika vipimo kana kwamba ametumia kitu haramu. Mgonjwa wa saratani anaweza kupewa mofini ya maji. Mwenye kifafa anaweza kuwa anatumia fenobabitali. Aliyevunjika mfupa anaweza kuandikiwa tramadoli. Mwenye maumivu ya neva hupewa amitriptilini, ambayo humletea usingizi mzito usiku na uzito wa kichwa asubuhi. Hata piriton inayonunuliwa duka la dawa bila maelezo mengi inaweza kumsinzisha dereva. Kodeini, ambayo imo katika baadhi ya dawa za maumivu na za kikohozi, mwili huigeuza kwa sehemu kuwa mofini, kwa hiyo mtu aliyekunywa dawa ya kikohozi anaweza kusomeka katika kipimo cha awali sawa na mtumiaji wa heroini.

Wapo pia walio katika tiba ya methadoni, dawa ya maji anayopewa mtu aliyekuwa mraibu wa heroini ili mwili usidai tena ile ya mtaani, ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Tanzania iliianzisha tiba hii Muhimbili mwezi Februari 2011, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo kama huduma ya umma, na tangu hapo imeenezwa katika hospitali nyingine. Mtu aliyetulia katika dozi yake anaweza kufanya kazi kama wengine, na kumwita mtumiaji wa dawa za kulevya ni kukosa haki na kukosa elimu kwa pamoja. Lakini yeye ndiye anayehitaji zaidi barua ya kliniki inayoeleza kwamba yumo katika tiba, na ndiye mwenye sababu kubwa ya kuomba saa ya kuanza zamu isogezwe, kwa kuwa bila kufika kliniki asubuhi hatakuwa na nguvu ya kufanya kazi hiyo.

Kuhusu kumweleza mwajiri, ushauri unaofaa ni kueleza athari na kuuacha ugonjwa kwa daktari. Fundi anayeshughulikia korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge ambayo haisamehe mkono uliochelewa kuondoka, au kijana wa gengi la reli anayefanya kazi treni zikipita, ana wajibu wa kisheria kwa usalama wake na wa wenzake chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wajibu huo hautimizwi kwa kunyamaza. Anachopaswa kupeleka ni barua fupi ya daktari inayosema kwamba mtumishi huyo yuko katika matibabu, kwamba dawa anayotumia inaweza kumsababishia usingizi au kizunguzungu kwa kipindi fulani, na kwamba kwa kipindi hicho asipangiwe mashine, kupanda juu, kuendesha gari au zamu ya usiku. Jina la ugonjwa si lazima liandikwe. Barua ipelekwe kwa ofisa wa rasilimali watu au meneja, si kwa nyapara peke yake, na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa ibaki kwa mfanyakazi. Nakala hiyo moja huwa na uzito kuliko ushahidi wa mashahidi watano wanaokumbuka kwamba alisema.

Mwajiri naye hapaswi kuitangaza barua hiyo ubaoni au kuijadili kwenye gwaride la asubuhi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imezihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, yaani taarifa zinazohitaji ulinzi zaidi ya jina au namba ya simu, na mtu ambaye zake zimevujishwa anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Katika mji mdogo, ambako karani wa ofisi ni shemeji wa jirani na muuguzi ni mwanakwaya mwenzake, jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana katika miji mikubwa, na ndiyo sababu wafanyakazi wengi huficha dawa zao hata pale ambapo kuzieleza kungewalinda.

Panapotokea upimaji, mfanyakazi anayetumia dawa halali ataje dawa hizo kwa maandishi kabla ya kutoa mkojo, kwa kuwa maelezo yanayotolewa baada ya majibu kutoka huonekana kuwa kisingizio. Kipimo cha haraka cha kijiti ni cha kuchuja tu, na hukosea. Majibu yake yakiwa mabaya, mfanyakazi ana sababu nzuri ya kuomba sampuli hiyohiyo ipelekwe kwenye kipimo cha uthibitisho, kile cha maabara kinachotambua kemikali yenyewe kwa jina lake, na ombi hilo aliandike siku hiyohiyo. Mwajiri anayetaka kupima wafanyakazi awe na kanuni iliyoandikwa, inayoeleza nani anapimwa, kwa sababu gani na nini kinafuata, kwa maana kanuni isiyojulikana na wanaotakiwa kuitii ni dhaifu anapokuja kuitegemea katika shauri.

Hapo ndipo penye kiini cha haki za mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayevunja mkataba awe na sababu halali na ya haki, na afuate utaratibu wa haki, na inamwekea yeye mzigo wa kuthibitisha vyote viwili. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinatofautisha utovu wa nidhamu, ambao ni kosa la mtu aliyejua na akafanya, na kutoweza kazi kwa sababu ya ugonjwa au kuumia, ambako si kosa la mtu yeyote. Aliyesinzia kwa sababu ya dawa aliyoandikiwa na akaitolea taarifa yumo katika kundi la pili, na mwajiri anapaswa kuchunguza chanzo cha hali hiyo, ukubwa wake, kama ni ya muda au ya kudumu, na kama anaweza kumpangia kazi nyepesi au kumrekebishia mazingira, kabla ya kufikiria kumwachisha. Wajibu huo huwa mzito zaidi ikiwa ugonjwa au jeraha limetokana na kazi yenyewe. Aliyesinzia kwa bangi yumo katika kundi la kwanza. Aliyesinzia kwa dawa halali ambayo hakuitaja kwa mtu yeyote huwa katikati, na huko katikati ndiko mashauri mengi yanakoharibika, kwa sababu mwajiri humshughulikia kama mlevi na yeye hana karatasi ya kumkanusha.

Hata katika shauri la nidhamu, mfanyakazi ana haki ya kupewa tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, kupewa muda wa kutosha wa kujiandaa usiopungua saa 48, na kusindikizwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Vyama vya TPAWU kwa watu wa mashamba na TRAWU kwa watu wa reli vina matawi kwa ajili hiyo. Karatasi ya kukiri au ya kuacha kazi kwa hiari isitiwe saini ofisini siku ya tukio, hata kama inaletwa kwa maneno ya upole na ahadi ya kulipwa mapema. Tukio likifika polisi, mfanyakazi akumbuke pia kwamba kifungu cha 37 cha sheria hiyo ya 2004 kiliweka zuio la kumwadhibu kinidhamu mtu aliyeshtakiwa mahakamani kwa kosa ambalo kimsingi ni lilelile, mpaka mahakama imalize.

Kwa anayehitaji kupumzika, sheria inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa likizo wa miezi 36, ambapo siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara. Malipo hayo hutegemea cheti, kile ambacho wafanyakazi wengi hukiita ED, kilichotolewa na daktari aliyesajiliwa au tabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali, na mwajiri hawezi kumkataa tabibu huyo bila sababu ya maana. Mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana likizo ya malipo, ila sheria imemkumbuka aliyeajiriwa kwa msimu, na pia aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yuleyule ndani ya mwaka, ikiwa vipindi vyake vikijumlishwa vinazidi miezi sita. Vibarua wa mkonge na miwa wa mkoa wa Morogoro wangefaidika sana kama wangetunza karatasi za malipo za kila kipindi, kwani bila hizo hakuna cha kujumlisha.

Ngerengere ina upekee wa kuwa mji wa watu wanaoishi mtaa mmoja chini ya sheria tofauti. Askari wa kambi za Jeshi la Wananchi hawamo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ambayo imewaondoa bayana pamoja na polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Dawa ya askari ni jambo la daktari wa jeshi na kamanda wake, na ushauri wa jirani raia, hata ukiwa sahihi kwa jirani huyo, unaweza kumponza. Mtumishi wa Shirika la Reli, awe katika reli ya zamani au ile ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ni mtumishi wa umma, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 mtumishi wa umma hutakiwa kumaliza kwanza njia za rufaa za Sheria ya Utumishi wa Umma, hadi Tume ya Utumishi wa Umma inapohusika, kabla ya kugeukia taratibu za sheria za kazi. Wapo waliofungua shauri mahali pasipo pao, wakashinda hatua ya kwanza, kisha ushindi ukafutwa kwa sababu hiyo tu.

Mfanyakazi wa shamba binafsi, wa duka au wa kampuni ya malori aliyeachishwa kazi, ikiwa amemtumikia mwajiri wake kwa miezi sita au zaidi, hupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Morogoro mjini, kwa kujaza fomu yake namba moja na kumpa mwajiri nakala. Muda wake ni siku 30 tangu kuachishwa, na kwa migogoro mingine, kama vile kubaguliwa akiwa bado kazini, ni siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu ya kila siku iliyopita, na kulazwa hospitali ni sababu inayosikilizwa ikiwa na cheti, lakini kusubiri meneja arudi safari au kusubiri mzee wa mtaa amalize kupatanisha haichukuliwi kuwa sababu. Shauri huanzia kwa msuluhishi, ambaye hutafuta maafikiano na hana uwezo wa kuamua nani mkosaji. Yakishindikana huenda kwa mwamuzi, anayesikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi wenye nguvu ya kutekelezwa. Asiyeridhika na tuzo ana wiki sita za kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie upya, na jalada linalopitiwa huko ni lile lililojengwa chini: barua iliyogongwa mhuri, orodha ya dawa iliyotolewa kabla ya kipimo, ombi la kipimo cha uthibitisho na cheti cha daktari, ambavyo kwa kawaida haviwezi kuongezwa tena baadaye.